Nani Amshike Bosi Kichwa

Kwenye chumba cha dharura cha hospitali hiyo palikuwa na muuguzi aliyeitwa Sista Koleo, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Kila shule zikifungwa, watoto wa kiume wakivalishwa nguo mpya, huletwa wale waliopandisha zipu kwa pupa ikawauma pahali ambapo mwanamume hataki hata kuguswa na maji ya baridi. Mzazi huingia mbio, mtoto kabebwa miguu imetanuka, na nyuma yao shangazi mmoja anaieleza korido nzima kilichotokea. Daktari wa zamu akiona hivyo husema neno moja tu: "Koleo." Basi anaitwa yeye.

Koleo lenyewe lilikuwa mali yake. Lilikuwa la kukatia waya, la aliyekuwa mume wake, fundi umeme. Siku alipoondoka kwenye ile ndoa alibeba sanduku la nguo na sufuria zake, akapita mlangoni akaliona koleo juu ya kabati, akalitia kwenye mkoba kwa hasira tu. Mtoto alimwacha. Msimhukumu haraka. Alikuwa anakwenda kulala kwenye chumba cha wauguzi wenzake, zamu za mchana na za usiku zinapishana, na kaka yake mkubwa alimwambia mtoto abaki kwa baba yake kwa muda, mpaka mama apate pa kukaa. Wazee wa pande zote mbili wakaitikia. Lakini neno "kwa muda" ni refu kuliko linavyotamkwa. Koleo likapata kazi hospitalini, likachemshwa, likawekwa kwenye trei safi, likampatia mwenyewe sifa na jina. Mtoto akakua nyumba nyingine.

Na nyumba hiyo nyingine ikaingia mwanamke.

Sista Koleo hakuwahi kumtaja kwa jina. Alimwita "yule", na kila aliyemjua alijua yule ni yupi. Sisi tumwite msusi, maana ndiyo kazi yake: ana saluni ndogo yenye viti viwili na kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na wateja wake husinzia akiwasuka kwa jinsi mikono yake ilivyo myepesi. Fundi umeme alimwoa, na mtoto, ambaye mama yake tangu akinyonya alimwita Bosi, akaanza kumwita mama mdogo.

Hapo ndipo wivu ulipoingia, na ulipoingia haukupiga hodi. Kila Ijumaa mchana Sista Koleo alikwenda kumchukua Bosi watembee, na kila Ijumaa alimkagua mtoto wake kama mtu anayetafuta chawa. Kucha zimekatwa. Masikio safi. Nguo imepigwa pasi mpaka kola. Hakupata kitu, na kukosa kitu kulimuuma zaidi ya kukipata. Mtoto naye, kwa sababu hana kosa, alikuwa akimwaga chumvi kwenye kidonda bila kujua. Mama mdogo anasema maji ya moto yanaunguza ulimi. Mama mdogo anaweza kupiga mluzi. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Sista Koleo alikuwa akijibu "Enhe," kisha akirudi kwake anavua viatu na kuvitupa ukutani, kimoja kimoja.

Sasa mwaka huu alipata nyumba. Vyumba viwili, dirisha la kila chumba linafunguka, choo cha ndani. Aliweka kitanda kidogo kwenye kile chumba cha pili kabla hajaweka pazia kwenye chake. Akampigia simu kaka yake, kaka akawapigia wazee wa upande wa pili, kikao kikapangwa Jumapili. Huko ndiko kungeamuliwa Bosi alale wapi. Fundi umeme alikuwa ameshatoa kauli yake mapema: mtoto amezoea, ana afya, anapendwa, kwa nini ang'olewe? Na kwa kweli Sista Koleo hakuwa na jibu. Angesema nini mbele ya wazee? Kwamba kucha za mtoto zimekatwa sana?

Kumbe Ijumaa ile, kabla ya Jumapili hiyo, jibu lingeletwa mpaka mezani kwake likihema.

Kwanza ujue sheria yake, maana bila sheria hutaelewa alichokifanya. Sista Koleo alikuwa na sheria ambayo hakufundishwa chuoni. Aliitunga mwenyewe baada ya kurushiwa teke la pua. Mtoto aliyenaswa na zipu akijitupa, zipu inazidi kula ngozi, inavimba, na kazi ndogo inakuwa ya chumba cha upasuaji. Kwa hiyo kabla hajagusa chochote aliwatazama wote walioingia na mtoto, akauliza, "Anamnyamazia nani?" Yule ambaye mtoto anamnyamazia ndiye anayesimama upande wa kichwa na kukishika. Wengine nje. Hakuangalia cheo. Alishawatoa akina baba wenye sare na nyota mabegani. Alishamtoa mama mzazi akamwacha dada wa kazi, na mama yule alipolia mlangoni, Sista Koleo alimwambia bila huruma, "Mama, hapa hatugawi mapenzi, hapa tunatoa zipu. Kaa hapo nje."

Mkuki kwa nguruwe.

Mchana huo daktari wa zamu alikuwa chumba cha pili na majeruhi wa ajali. Sista Koleo alikuwa anaangalia saa, maana zamu yake ilikuwa inaisha, aende kumchukua Bosi. Mlango ukafunguliwa kwa goti. Aliyefungua alikuwa msusi, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake, na mikononi amembeba Bosi aliyefunikwa taulo la saluni kiunoni. Bosi alikuwa hapigi kelele. Alikuwa ameuma bega la gauni la yule mwanamke, na anahema.

"Dada," msusi alisema, "imemnasa zipu. Sijavuta, nimeogopa kuvuta."

Sista Koleo alifunua taulo. Zipu ya chuma, imepanda nusu, na chini ya kichwa cha zipu hiyo ngozi imekamatwa imara, imekuwa nyekundu inaelekea zambarau. Hakuna aliyeivuta, kweli. Hata hilo lilimkera. Kisha akaiona suruali, na akaijua, ila moyo wake ulikuwa na kazi nyingine kwa wakati huo. Aliona kitu kimoja tu: mtoto hana chupi.

"Nani amemvalisha suruali ya zipu bila chupi?"

Hilo nalo halikuwa swali lake la siku zote. Siku zote alikuwa akiwaambia wazazi kwamba lawama ina zamu yake, na zamu yake ni baada ya zipu kutoka. Lakini leo sauti ilitoka yenyewe, na ndani ya sauti kulikuwa na furaha. Ndiyo, furaha. Mtoto wake anaumia mbele yake, moyo unamkatika, na pembeni ya moyo huo kuna kitu kinapiga makofi: nimekupata.

"Alivaa mwenyewe," msusi alijibu.

"Mweke kitandani. Kisha toka nje."

"Dada, akiniachia ataanza—"

"Mimi ndiye mama yake. Toka."

Pale pembeni alikuwepo mhudumu mmoja wa makamo, wanayemwita Mzee Pamba kwa sababu ndiye anayetunza kabati la pamba na bandeji na ni mchoyo nazo kuliko mwenye duka. Alikohoa. "Sista, na ile sheria ya kichwa?"

"Sheria ni ya nani?"

"Ni yako, lakini mganga hajigangi."

"Huyu si mimi. Huyu ni mwanangu. Lete trei."

Msusi akatoka. Mlango haujafunga vizuri, Bosi akaanza. Alipiga kelele ambayo mama yake hakuwahi kuisikia kwake, akajikunja upande, akatupa miguu, na mkono wake mdogo ukaushika ule ulimi wa zipu kuuvuta. Sista Koleo akaudaka ule mkono. Akamshika kichwa, miguu ikaruka. Akashika miguu, mikono ikaenda kwenye zipu. Tone la damu likatoka. Muuguzi wa miaka mingi, mwenye jina na sifa, alikuwa anahangaika na mtoto mmoja kama mgeni wa kazi, na alikuwa anajua kabisa kwa nini.

"Bosi wangu, tulia. Ni mama. Mama yuko hapa."

"Haikuingia," mtoto alilia.

"Nini haikuingia, baba?"

"Chupi. Nikivaa chupi suruali haiingii. Inabana. Mama mdogo alisema niache. Nikaingia chooni nikavaa, nilitaka uione."

Sasa hakukuwa na pa kukimbilia. Suruali ile aliinunua yeye. Aliinunua makusudi, buluu, yenye zipu ya chuma na kifungo kinachong'aa, kwa sababu yule mwanamke alikuwa akimvalisha mtoto kaptula za lastiki, na yeye alitaka mtu akimwangalia Bosi barabarani aone mtoto mwenye mama. Dukani muuzaji alimuuliza saizi. Alionyesha kwa mkono, hapa, usawa wa kiuno changu, akanunua, na Ijumaa iliyopita akamkabidhi Bosi bila kumjaribisha. Lakini aliyempima kwa mkono alikuwa Bosi wa mwaka jana. Yule wa mwaka huu alikuwa analala na kuamka nyumba nyingine, na huko ndiko alikokuwa anaongezeka.

Aliukaza mkono wa mtoto ndani ya mkono wake usiifikie zipu.

"Mzee Pamba," akasema, "mwite."

Mzee Pamba hakuuliza amwite nani. Ana umri wa kujua wakati wa kutokuuliza.

Msusi aliingia, akazunguka kitanda bila kumtazama mtu, akasimama upande wa kichwa. Akatia vidole kwenye nywele za Bosi na kuanza kuzigawa, mstari mmoja mmoja, kama za mteja aliyekaa kwenye kiti chake, huku anamnong'oneza. Alikuwa anamuuliza leo asuke mtindo gani, wa njia nne au wa njia sita. Bosi alisema kwa kwikwi kwamba wanaume hawasuki. Akamwambia basi atamsuka kidogo tu, hakuna atakayejua. Mtoto akashusha pumzi, miguu ikalegea. Sista Koleo aliyaona yote hayo kwa pembe ya jicho, na kila njia iliyopitishwa kwenye zile nywele ilipita kwake pia.

Lakini mikono ilikuwa imeshapata nafasi, na mikono ya kazi haina ndugu. Alimpa dawa ya maumivu, kisha sindano ya ganzi, sindano nyembamba, kwa msemo wake uleule wa siku zote kwamba sisimizi ataonja mara moja. Bosi alikunja uso tu. Akasubiri ganzi ishike. Akamimina mafuta ya maji juu ya zipu, taratibu, yaingie kati ya meno na ngozi, akasubiri tena. Wapo watoto ambao mafuta peke yake yanawatosha. Ngozi inateleza yenyewe na hadithi inaisha. Alijaribu kwa ncha ya kidole. Haikutoka. Pale mtoto alipojitupa ngozi ilikuwa imeingia ndani zaidi, na kuvimba kumeikaza. Hilo lilikuwa deni lake, na alilijua.

Akachukua koleo.

Ukikitazama kichwa cha zipu vizuri utaona kina bamba la juu na bamba la chini, na kati yao kuna daraja jembamba la chuma linaloyashikanisha. Kuvuta ni kuongeza kidonda. Anayejua hulikata hilo daraja tu. Sista Koleo aliweka kipande cha shashi kulinda ngozi, akaingiza ncha za koleo, akamwambia Bosi, "Utasikia tak." Akabana. Ilikuwa ngumu kuliko nyingine zote. Au pengine mkono ndio haukuwa wa siku zote. Akabana tena kwa mikono miwili. Tak. Bamba la juu likadondoka kwenye trei, meno yakaachana yenyewe, ngozi ikawa huru.

"Tayari?" Bosi aliuliza, akimuuliza mama mdogo.

"Muulize mama yako, ndiye anayeona."

"Tayari, Bosi wangu," Sista Koleo alisema, na ilibidi aseme mara mbili.

Alikuwa anasafisha ile alama na kuipaka dawa wakati fundi umeme alipoingia, ovaroli imejaa vumbi la dari, tepu nyeusi bado imezungushwa kidoleni. Alimwangalia mtoto, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuwa mazito kwa dawa, akaona yuko salama. Basi hofu ikageuka hasira, kama ilivyo kawaida ya hofu ya baba. Akaiokota ile suruali.

"Nani kamvalisha hii?"

Sista Koleo alikuwa amesimama na shashi mkononi. Msusi alimtazama, mara moja tu.

"Mimi," msusi akasema. "Nilikuwa na wateja, nikamvalisha haraka haraka. Nimekosea."

Fundi umeme aliikunja suruali akaikunjua. Alimpenda mke wake, lakini alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa ya harakaharaka kama ya mafundi wengi. "Basi Jumapili mimi sina mdomo. Wazee wakiniuliza nitajibu nini? Mtoto aende kwa mama yake. Yaishe."

Hicho hapo. Kile alichokitaka tangu siku ya sanduku na sufuria, kimewekwa mbele yake bure, na hata kelele hakikumgharimu. Sista Koleo aliisubiri furaha ije. Badala yake akawaza Bosi kwenye kile kitanda kidogo kipya, na yeye mwenyewe akimtazama amelala, akijua kila asubuhi kwamba amepewa na yule. Kwamba yule alikuwa na mtoto mkononi, akamfunga kama zawadi, akampa. Kwamba mbele za watu yule ni mwenye kosa, na kwa ndani ni mwema kuliko yeye. Aibu yoyote angeivumilia, ila hiyo ya kuzidiwa wema na yule mwanamke, hapana.

"Muongo huyo," alisema. "Suruali nilinunua mimi. Ndogo, maana sikujua saizi ya mwanangu. Yeye alimkataza, mtoto akavaa kwa kujificha ili nimuone. Na alipofika hapa mtoto ametulia, nikamtoa yeye nje, ndiyo maana kidonda kimekuwa kikubwa. Muulize Mzee Pamba."

Mzee Pamba aligundua ghafla kwamba kabati lake linahitaji kupangwa.

Fundi umeme aliwatazama wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine, akaona hapo hapana kazi ya mwanamume. Akauliza dirisha la dawa liko wapi, akaonyeshwa, akaondoka na karatasi ya dawa.

Bosi alikuwa amelala. Msusi alitoa vidole kwenye nywele zake polepole, akavikunja na kuvikunjua. Sista Koleo alianza kuhesabu vyombo kwenye trei ambavyo havikuwa na haja ya kuhesabiwa. Akasema bila kuinua uso, "Maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni. Dawa apake baada ya kukauka. Kaptula za lastiki, zile zako."

"Kwa nini umesema, dada? Ulikuwa umeshashinda."

"Ndiyo hiyo. Ningemlea vipi mtoto niliyepewa na wewe?"

Msusi akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. Akavuta kiti akakaa, maana alikuwa amembeba mtoto kutoka saluni mpaka pale na miguu sasa ilikuwa inadai.

"Basi na mimi nikwambie langu, tusidaiane," alisema. "Huyu akiota vibaya huita mama. Mimi ndiye ninayekimbia, maana ndiye niliye karibu. Nikifika anafumbua macho, ananiona, ananiambia, samahani mama mdogo, sikukuita wewe. Ananiomba samahani, dada. Mtoto mdogo namna hii. Kisha anajisogeza nilale pembeni yake, asinivunje moyo, na mimi nalala pale nimekutazama wewe kichwani mpaka kunakucha. Unafikiri ni wewe peke yako?"

Sista Koleo alifurahi. Tusidanganyane, alifurahi mpaka masikio yakapata moto, akageuka kutazama dirisha ili isionekane. Mwenzake anasema kwa uchungu, yeye anakunywa.

"Jumapili nitawaambia wazee hivyohivyo," msusi alisema. "Watakupa wewe, najua. Na usidhani ni kwa ajili yako. Nimechoka kukimbilia jina ambalo si langu."

Hapo mtu mwingine angesema asante. Sista Koleo alilitafuta neno hilo, akaliona, likakataa kupita. Alirudi akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa miguu ya mtoto, akavuta shuka likamfunika vizuri.

"Anaitaje?" akauliza.

"Nani?"

"Bosi. Akiniita usiku. Nionyeshe anavyoita."

Msusi akasogeza kiti karibu naye. Kisha akainama kidogo, akashusha sauti ili asimwamshe mtoto, akamwonyesha.